Nguo Chache Zinazokauka Haraka: Mwongozo Kamili wa Kufungasha kwa Safari ya Vituo Vingi

Anayesafiri kwenda mahali pamoja na kurudi anaweza kukosea katika kufungasha na asisumbuke sana, kwa kuwa mzigo wake hubaki kabatini tangu anapofika hadi anapoondoka. Anayepita miji mitano au sita ndani ya wiki tatu, akilala mara moja hapa na mara tatu kule, hubeba kosa lake mgongoni kila anapohama. Wengi huanza kwa kuhesabu siku za safari na kutafuta nguo za kuzitosha siku hizo, na hapo ndipo mzigo unapovimba. Kipimo kinachofaa ni saa ambazo nguo huchukua kukauka, zikilinganishwa na saa utakazokaa pale ulipoifulia. Ikiwa nguo hukauka kati ya kuoga jioni na kufunga begi asubuhi, mavazi ya siku tatu yatakutosha kwa wiki tatu na vilevile kwa miezi mitatu. Ikiwa haikauki, hata ukibeba kumi utafika mwisho wa safari ukiwa na begi la nguo mbichi.

Hatua ya kwanza: andika ratiba ya malazi kabla ya kufungua kabati

Chukua karatasi uorodheshe vituo vyako kwa mfuatano, na mbele ya kila kituo uandike saa unayotarajia kufika na saa ya kuondoka. Kisha utie alama kwenye kila kituo utakacholala angalau mara mbili mfululizo. Hivyo ndivyo vituo vyako vya kufulia. Mahali unapolala mara moja tu pasikushawishi kufua suruali wala shati: ukifika saa 2 usiku na kuondoka saa 12 asubuhi, una saa 10 pekee, tena zote za usiku, wakati hewa imepoa na unyevu wake umepanda. Chupi na soksi nyepesi zinaweza kufuliwa usiku wowote.

Sasa tafuta pengo refu kuliko yote kati ya kituo kimoja cha kufulia na kinachofuata. Pengo hilo ndilo linaloamua idadi ya nguo zako, na urefu wa safari nzima hauna neno hapa. Pengo likiwa la siku 3, nguo 3 za juu zinatosha. Likiwa la siku 5, una njia mbili: kuongeza nguo moja na kukubali kuvaa nyingine mara mbili, au kupanga upya malazi ili ulale mara mbili katika mji mmoja wa katikati. Mimi huchagua njia ya pili kila inapowezekana, kwa sababu siku ya kupumzika katikati ya safari humfaa msafiri kuliko shati la ziada.

Hatua ya pili: elewa kitambaa

Kuna kipimo kimoja cha maabara kinachosaidia kuelewa kwa nini fulana mbili zinazofanana kwa macho hukauka kwa nyakati tofauti kabisa. Nyuzi zilizokaushwa huwekwa katika hewa yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, kisha hupimwa zimefyonza unyevu kiasi gani. Poliesta hufyonza takriban asilimia 0.4 tu ya uzito wake, nailoni takriban asilimia 4, pamba kati ya 7 na 8, kitani takriban 12, na sufu takriban 16. Maana yake ni kwamba katika poliesta maji hukaa baina ya nyuzi, ambako yanaweza kukamuliwa na kupeperushwa na upepo kwa urahisi, lakini katika pamba sehemu yake huingia ndani ya nyuzi zenyewe na kutoka polepole.

Ukisoma takwimu hizo peke yake utadhani sufu ndiyo mbaya kuliko zote, na hapo utakosea, kwa kuwa unene wa kitambaa una uzito mkubwa kuliko aina ya nyuzi. Fulana ya sufu ya merino yenye gramu 150 kwa mita ya mraba hukauka mapema kuliko fulana nzito ya pamba, kwa sababu tu ina kitambaa kidogo cha kushikilia maji. Suruali ya jinzi kwa kawaida ina gramu zaidi ya 340 kwa mita ya mraba, na kwenye mishono yake kitambaa hicho hupandana mara tatu au nne. Niliwahi kufua jinzi usiku mmoja katikati ya safari, nikijidanganya kwamba joto la chumba lingetosha. Asubuhi mapaja yalikuwa makavu, lakini mkanda wa kiuno na pembe za mifuko zilikuwa bado chepechepe. Niliifunga katika mfuko wa plastiki, nikasafiri nayo kutwa, na jioni nilipoufungua ule mfuko uvundo ulinipokea kabla sijaiona suruali yenyewe.

Poliesta ina dosari yake pia. Hushika mafuta ya mwili, na bakteria wanaoleta harufu ya kikwapa hustawi juu yake, hivyo shati linaweza kuwa kavu kabisa na bado lisivalike mbele za watu siku ya pili. Sufu huvumilia siku kadhaa bila kunuka, lakini huchakaa upesi ikiwa nyembamba mno, hudhoofika ikiwa imelowa, na nondo huipenda. Ushauri wangu ni kuchanganya: chagua sufu nyembamba, au mchanganyiko wa sufu na nailoni, kwa nguo zinazogusa makwapa na miguu, na uchague nailoni au poliesta kwa suruali, kaptura na sketi, ambako harufu si tatizo kubwa na uimara unahitajika. Kitani kinafaa nchi zenye joto kwa yule asiyejali makunyanzi. Viskosi, yaani kitambaa laini kiitwacho pia reyoni, iache nyumbani. Hulowa sana, hupoteza nguvu inapolowa, na ikianikwa vibaya hurefuka.

Hatua ya tatu: pima mwenyewe

Lebo inayosema kwamba nguo hukauka haraka haikuelezi ni haraka kiasi gani, wala katika hewa ya namna gani. Jaribio la nyumbani halihitaji zaidi ya mzani wa jikoni na saa. Ipime nguo ikiwa kavu, uandike uzito. Iloweke dakika kumi, uikamue kama utakavyoikamua safarini, kisha uipime tena. Tuseme fulana ilikuwa na gramu 150 na sasa ina gramu 270: imebaki na gramu 120 za maji, na hayo ndiyo maji ambayo hewa ya chumba italazimika kuyachukua. Iviringe ndani ya taulo kavu, ukandamize, uipime mara ya tatu, nawe utaona taulo peke yake limeondoa kiasi gani. Halafu ianike ndani ya chumba, bila jua, na uipime kila baada ya saa mbili hadi uzito urudi ulipoanzia.

Mzani hugundua jambo ambalo mkono hauligundui. Nguo huonekana kavu ikiguswa katikati, lakini uzito wake huonyesha gramu 15 au 20 za ziada, na ukiipapasa vizuri utazikuta kwenye kola, kwenye pindo, chini ya zipu na ndani ya mifuko. Suruali nyingi zinazouzwa kama za safari zina kitambaa chepesi cha nailoni kwa nje, lakini mifuko yake ya ndani imeshonwa kwa kitambaa chenye pamba. Ukigeuza suruali nje-ndani na kuivuta mifuko ining'inie, unaweza kuokoa saa kadhaa. Kwa sidiria, tatizo ni sponji: yenye vikombe vya sponji nene huweza kubaki mbichi hadi siku ya pili, ilhali isiyo na sponji huwa kavu alfajiri. Nguo yoyote ambayo haikukauka ndani ya saa 10 chumbani kwako isiingie begini, isipokuwa iwe ile utakayoivaa njiani na kuifua kwenye vituo vya siku mbili tu.

Hatua ya nne: hesabu ya nguo

Mpango wangu wa kawaida, ukijumlisha na nguo nilizovaa mwilini, ni huu: nguo tatu za juu za mikono mifupi au mirefu, shati moja la heshima la kuvaliwa peke yake au juu ya fulana, suruali mbili (au suruali moja na sketi au kaptura), chupi nne, jozi tatu za soksi, nguo moja nyepesi ya kulalia ambayo pia inaweza kuvaliwa wakati nyingine zote zikiwa kambani, sweta moja au jaketi la flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi), na koti la mvua. Wanaovaa gauni wanaweza kuweka moja badala ya shati na suruali ya pili, mradi liwe la kitambaa kisichokunjamana. Ukipima yote hayo bila viatu hupati zaidi ya kilo 3, na hilo lina faida ya wazi kwa kuwa mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha mzigo wa mkononi kati ya kilo 7 na 10.

Chupi ni nne na si tatu kwa sababu ndizo nguo pekee ambazo hazina mbadala: shati linaweza kurudiwa, chupi haifai. Soksi ziwe nyembamba. Soksi zenye vitanzi vinene kwenye kisigino na vidoleni huchelewa mno, na hata zikikauka hubaki na ubichi kidogo ambao mguu huugundua mara tu kiatu kinapofungwa.

Rangi ziamuliwe kwa kanuni moja: kila nguo ya juu ikubaliane na kila nguo ya chini. Chagua rangi mbili tulivu kwa suruali na koti, kisha rangi moja yenye uhai kwa nguo za juu. Nyeusi huficha madoa ya mafuta lakini huonyesha vumbi na chumvi ya jasho. Kijivu cha wastani huonyesha jasho lenyewe kabla halijakauka. Buluu iliyokoza na kijani iliyokoza huvumilia yote mawili kiasi. Michoro midogo midogo huficha makunyanzi, na humfaa yule asiyetaka kutafuta pasi.

Baridi na mvua

Safari inayopita nchi ya joto na nchi ya baridi haihitaji mabegi mawili. Joto la mwili huhifadhiwa na hewa iliyonaswa kati ya tabaka za nguo, kwa hiyo fulana nyembamba, juu yake shati, juu yake flisi na juu ya vyote koti la mvua linalozuia upepo hufanya kazi ya koti moja zito, nawe unaweza kuvua tabaka moja moja kadiri jua linavyopanda. Flisi hukauka upesi kwa kuwa ni poliesta tupu. Jaketi lililojazwa manyoya ya ndege ni jepesi na lina joto zuri, lakini likilowa manyoya hugandamana, joto hutoweka, na kukauka kwake huchukua muda mrefu kuliko utakaokuwa nao kwenye kituo chochote. Anayekwenda kwenye mvua na baridi kwa pamoja achague lililojazwa nyuzi za sintetiki.

Viatu

Jozi mbili zinatosha: moja ya kutembelea, nyingine nyepesi ya bafuni na jioni. Vile vizito vaa siku za kusafiri. Kiatu cha kutembelea kilicholowa huchelewa kuliko nguo zote, hivyo ng'oa soli ya ndani, jaza karatasi ndani yake, uzibadilishe baada ya saa moja au mbili.

Hatua ya tano: kufua katika sinki na kuanika chumbani

Vifaa ni vichache: kipande cha sabuni, kizibo bapa cha mpira kinachoziba sinki yoyote, kamba nyembamba ya mita 3 hivi na vibanio sita. Sabuni ya kipande ina faida moja juu ya sabuni ya maji, kwamba haihesabiwi katika vile vimiminika ambavyo viwanja vingi vya ndege vimeviwekea kikomo cha mililita 100 kwa chupa tangu mwaka 2006. Usibebe dawa ya kulainisha nguo. Huacha utando juu ya nyuzi, na utando huo hupunguza uwezo wa kitambaa kusambaza jasho, yaani huharibu sifa ile ile uliyoilipia.

Fua mara tu unapofika, kabla ya kula na kabla ya kutoka kutazama mji, kwa kuwa kila saa unayochelewesha huipunguza ile idadi ndogo ya saa uliyonayo. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Sugua makwapa, kola na nyayo za soksi. Sehemu nyingine zinahitaji kutikiswa tu ndani ya povu. Suuza mpaka maji yatoke meupe, maana sabuni iliyobaki huifanya nguo kuwa ngumu na hunuka inapokutana na jasho.

Kukamua ndiko kunakoamua kama utaondoka na nguo kavu au mbichi. Nailoni, poliesta na pamba unaweza kuzisokota kwa nguvu. Sufu usiisokote, ikandamize tu kwa viganja. Kisha tandaza taulo kavu kitandani au sakafuni, laza nguo juu yake, ziviringe pamoja kama mkeka, na uukanyage mviringo huo kwa goti ukianzia upande mmoja hadi mwingine. Usifanye hivyo kwa nguo tatu mara moja, kwani taulo likishalowa huanza kurudisha maji. Ukunjue mviringo, kung'uta kila nguo mara tatu au nne kwa nguvu ili makunyanzi yanyooke, ndipo uanike.

Hapa ndipo wasafiri wengi hujikwaa, kwa kuwa hufunga madirisha wakidhani joto la chumba ndilo linalokausha. Hebu tufanye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye dari ya mita 2.5, kina mita za ujazo 30 za hewa. Katika nyuzijoto 25, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 hivi za mvuke, kwa hiyo chumba kizima hushiba kikiwa na gramu 690 hivi. Ikiwa hewa hiyo tayari ina unyevu wa asilimia 60, nafasi iliyobaki ni ya gramu 276 tu. Suruali moja, fulana mbili na soksi zilizokamuliwa kivivu zinaweza kubeba nusu lita ya maji. Katika chumba kilichofungwa kabisa hazitakauka hata uzisubiri hadi kesho kutwa, maana hewa yenyewe imekwisha kushiba. Fungua dirisha ikiwa hewa ya nje ni kavu. Ikiwa nje kuna ukungu au mvua na chumba kina kiyoyozi, kiwashe, kwa sababu kinapopoza hewa huondoa pia unyevu wake. Feni haiondoi unyevu, lakini huipeperusha ile hewa iliyoshiba inayoizunguka nguo, nayo peke yake huleta tofauti kubwa.

Anika mahali penye mkondo wa hewa, usianike bafuni ulikotoka kuoga. Acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo. Suruali ining'inizwe kwa kiuno, ikiwa imegeuzwa na mifuko imevutwa nje, ili miguu yote miwili iwe wazi kama bomba na hewa ipite ndani yake. Shati livalishwe henga na vifungo viachwe wazi. Usitundike nguo juu ya taa wala juu ya hita ya umeme. Nyuzi za sintetiki huyeyuka, na moto ukianza hauchagui mgeni. Ukipata jua, geuza nguo nje-ndani ili rangi isififie, na uanue mara zinapokauka kwa kuwa jua kali hudhoofisha nailoni.

Kabla ya kulala zipitie tena. Geuza upande, sogeza zilizokauka ili zile mbichi zipate upepo, na ukamue kwa vidole pindo la chini ambako maji hujikusanya.

Asubuhi ikifika na bado mbichi

Mambo hayaendi kama ratiba kila siku. Soksi au fulana nyembamba iliyobaki na ubichi kidogo tu inaweza kuvaliwa, na joto la mwili litaimaliza ndani ya saa moja, ila usifanye hivyo kwenye baridi, wala kwa chupi, kwa kuwa ngozi iliyobanwa na unyevu huchubuka na kuota fangasi. Kwa kiuno cha suruali au kola, kikaushia nywele kwa dakika chache kinatosha ukikishikilia mbali kiasi cha shubiri.

Nguo ambazo haziwezi kuvaliwa zifungwe kwenye mfuko wa wavu nje ya begi, ikiwa unasafiri mchana na hakuna mvua. Ukilazimika kuziweka ndani, ziviringe kwanza katika nguo kavu ambayo ingefuliwa jioni hiyo hata hivyo, ifyonze kiasi, ndipo uzitie kwenye mfuko usiopitisha maji. Mfuko huo uwe juu kabisa ya begi. Ukifika unakokwenda, nguo hizo zitoke kabla hujavua viatu, nazo zikiwa zimeanza kutoa harufu zisuuzwe upya kwa sabuni; kuanika uvundo juu ya kamba hakuuondoi.